Kawaii Isiyo na Huruma

Mashabiki wa anime, hizi katuni za Kijapani zilizoenea duniani kote, wana neno moja wanaloliamkia na kulilalia: kawaii. Msichana mwenye macho makubwa akitokea, kawaii. Akijikwaa, kawaii. Akilia, kawaii vilevile. Nasema wazi: wamelishika neno, wameiacha roho yake.

Asili ya neno hilo ni uso kuiva kwa haya. Baadaye likabeba maana ya kumwonea mtu huruma, na mwisho ndipo likawa kupendeza. Ndugu yake, kawaisō, hadi leo ndiye “maskini wee!” wa Wajapani. Yaani upendo huo ulizaliwa na huruma.

Wasanii wakubwa walilijua hilo. Tarehe 16 Aprili 1988, Studio Ghibli ilitoa filamu mbili siku moja: Totoro ya Hayao Miyazaki na Kaburi la Vimulimuli ya Isao Takahata. Katika kila moja mna mtoto wa kike wa miaka minne. Mei amekumbatia hindi la kumpelekea mama aliyelazwa hospitalini, akiamini litamponya. Setsuko, aliyefiwa na mama katika mabomu ya Kobe, anakufa kwa njaa mwaka 1945. Wote wawili wanapendeza, lakini hatuwapendi kwa mashavu yao. Twawapenda kwa kuwa twawahofia.

Shabiki wa leo hahofii kitu. Mwaka 2001 mwanafikra Hiroki Azuma alieleza jinsi mashabiki wanavyomkatakata mhusika vipande: masikio ya paka, kishungi cha nywele, namna ya kusema. Wanachagua viungo kama wapikao pilau, na hadithi ikawa sufuria tu.

Nitaambiwa: dunia ni chungu, mwacheni mchovu apumzike. Na apumzike! Tamthilia kama K-On! ya mwaka 2009, ya wasichana wanaopiga muziki na kunywa chai, haina dhambi. Dhambi ni kuifanya raha hiyo kuwa mizani ya sanaa yote, hata mhusika akikasirika, akizeeka au akiwa na akili zake mwenyewe, aonekane ameharibika. Apendwaye kwa udogo wake amekatazwa kukua.

Nasi wa Kiswahili tusijifanye wageni wa jambo hili. Udogishaji wetu una ncha mbili: “kitoto” chaweza kubembeleza, “kijitu” kimekwisha kudharau. Kiambishi ni kilekile. Kinachotofautisha ni moyo wa msemaji. Ndiyo maana mshairi hupima neno kabla ya kulitamka.

Shabiki na apime vivyo hivyo. Anayemtazama Setsuko akalia “kawaii!” pasipo “maskini!” kumtoka kinywani, ameiona picha, mtoto hakumwona.