Jembe Tumempa, Shamba Hatujamwonyesha

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa chuoni wenzetu kutoka nje tunawapa jembe siku ile ile wanayoshuka kwenye basi.

Wiki ya utambulisho kwa mwaka wa kwanza ni moja tu. Mwenzetu wa Bukavu au Bujumbura wiki hiyo mara nyingi bado anahangaikia kibali cha ukaazi. Anafika wiki ya tatu, anakuta makundi ya asaimenti yameshajaa, testi ni Jumatatu, na matangazo yote yako kwenye grupu la WhatsApp ambalo hayumo. Kiswahili anakijua, tena sana, ila "bumu" na "desa" hajawahi kuvisikia. Tunamcheka. Akipata sapu, tunasema mzembe.

Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kwenye makaratasi ni ndugu, darasani bado ni "yule mgeni".

Jamani, serikali ya wanafunzi irudie utambulisho wiki ya nne. Na kila CR amwingize aliyechelewa kwenye grupu na kundi la asaimenti siku hiyo hiyo anayofika. Hapo hakuna cha kusubiri bajeti, ni simu na dakika tano tu.