Hukumu Kabla ya Ushahidi: Thika ya Elspeth Huxley na Uvivu wa Wahakiki

Uhakiki wa fasihi katika vyuo vya Afrika ya Mashariki umezoea kuanzia mwisho. Mwanafunzi huingia katika kitabu akiwa amekwisha kutajiwa hitimisho, na kazi inayombakia ni kuokota mifano michache ya kulipamba. Mfano usiokubaliana na hitimisho hilo huachwa ulipo. Mpelelezi akifanya hivyo, kesi yake hutupwa na hakimu. Mhakiki akifanya hivyo, tasnifu yake hupitishwa.

Hakuna kitabu kilichodhurika kwa mazoea haya kuliko kile kilicholitangaza jina la Thika ulimwenguni. Elspeth Huxley alizaliwa mwaka 1907, akaletwa Thika mwaka 1913, na mwaka 1959 akachapisha The Flame Trees of Thika kama kumbukumbu za utoto wake. Mwaka 1981 kitabu hicho kilifanywa tamthilia ya televisheni nchini Uingereza. Tangu hapo pana kambi mbili. Ya kwanza hukitumia kama shahidi: hivi ndivyo Thika ilivyokuwa, mtoto aliona, na mtoto hasemi uongo. Ya pili hukitupa bila kukifungua: mwandishi ni binti wa walowezi, basi yatosha. Kambi hizi hutukanana, lakini kosa lao ni moja. Ile ya kwanza imemwamini shahidi bila kumhoji, na ile ya pili imemhukumu mshtakiwa bila kusikiliza kesi.

Msomaji makini angeanza na majina. Wazazi wa Elspeth waliitwa Josceline na Nellie Grant. Katika kitabu, baba ni Robin na mama ni Tilly. Dalili hii ni ndogo, lakini haikosi maana. Anayetoa ushahidi juu ya wazazi wake hana haja ya kuwabatiza upya. Mwenye haja hiyo ni mtunzi wa wahusika. Iongezwe dalili ya pili: mazungumzo marefu ya watu wazima, juu ya mapenzi na fedha na siasa, yamenukuliwa neno kwa neno na mtu aliyekuwa na umri wa miaka sita au saba alipoyasikia, naye anayaandika baada ya miaka ipatayo 45. Hakuna kumbukumbu ya namna hiyo. Kinachosomwa hapa ni riwaya iliyovaa kanzu ya kumbukumbu, na mtoto anayesimulia ni mhusika aliyebuniwa na mwanamke wa zaidi ya miaka 50.

Hitimisho hili halimwachilii mwandishi. Kinyume chake, linamfikisha kizimbani kwa njia ya haki. Maana kama mtoto ni chombo cha utunzi, lazima iulizwe chombo hicho kilichaguliwa kwa kazi gani. Tazama jinsi ardhi inavyopatikana. Robin ananunua ekari 500 za Thika katika baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa mzungu mwenzake. Mkikuyu hayumo katika mapatano hayo, wala kama muuzaji wala kama shahidi. Familia inafika na kukuta pori la nyasi. Lakini mara nyumba inapohitaji kujengwa na kahawa kupandwa, watu wanapatikana: wanatoka kwa chifu Kupanya, jirani wa shamba hilo. Msimulizi mtoto haulizi ilikuwaje pori lisilo na mwenyewe likapakana na watu wengi kiasi hicho. Mtoto hawezi kuuliza, na hapo ndipo ilipo faida yake kwa mtunzi.

Maswali ambayo mtoto hakuuliza yalikwisha kujibiwa mahali pengine. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya mwaka 1902 iliiruhusu serikali ya kikoloni kuwauzia walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu. Mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, wazee wa Kikuyu walieleza maana ya githaka, yaani ardhi ya ukoo yenye mipaka na wenyewe hata pale isipolimwa. Mhakiki anayeweka ukurasa wa Huxley kando ya ushahidi huo hahitaji kupiga kelele za nadharia. Pengo linaonekana kwa macho.

Mtetezi wa kitabu atasema kwamba Huxley hakuyajua hayo, na kwamba aliandika alichokiona tu. Utetezi huu unaangushwa na kazi za Huxley mwenyewe. Mwaka 1939 alichapisha riwaya ya Red Strangers, inayosimulia kuja kwa wazungu kwa macho ya familia ya Kikuyu. Basi miaka 20 kabla ya kitabu cha Thika alikwisha kusimama upande wa pili wa ua na kutazama. Kimya cha mwaka 1959 hakiwezi kuitwa kutojua. Isitoshe, kati ya mwaka 1937 na 1939 Huxley alitoa riwaya tatu za upelelezi, zenye askari aitwaye Vachell. Mwandishi wa riwaya za namna hiyo anajua vema jinsi ya kumpa msomaji jambo moja na kumficha jingine, na jinsi msimulizi asiyejua mengi anavyofaa kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha dalili na ushahidi. Koloni la kubuni ambamo Vachell anafanya upelelezi linaitwa Chania, na Chania ni mto upitao Thika. Mhakiki mwenye haraka angetangaza mara moja kwamba riwaya hizo ni Thika iliyofichwa. Jina peke yake halitoshi kuthibitisha hayo. Linaonyesha kwamba mwandishi alichukua neno kutoka nchi ya utoto wake. Yaliyobaki yatafutwe ndani ya riwaya, na yasipopatikana, dai liachwe.

Wapo watakaopinga kwamba fasihi si maabara. Na waende Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, ili kukabiliana na chulebuni na kutu ya majani. Mtaalamu wa kahawa akiona madoa meusi juu ya buni hatamki jina la ugonjwa papo hapo. Hutazama kwanza kama buni ni mbichi au imeiva, kwa sababu chulebuni hushambulia hasa buni mbichi, na upo ugonjwa mwingine unaofanana nao unaoshika buni zinazoiva. Akikosea jina, mkulima atapoteza fedha kwa dawa isiyofaa. Mhakiki akikosea jina, kizazi kizima cha wanafunzi kitafundishwa kutosoma.

Na hasara hii si ya vyuoni tu. Mwezi Machi 1959, mwaka uleule wa kitabu cha Thika, wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola. Taarifa rasmi ya kwanza ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo. Lau wote wangeridhika na hitimisho lililotangulia, maji ya Hola yangebaki na lawama hadi leo.

Somo la kusoma kwa ushahidi halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla anaweka maiti mzimuni, mahali ambapo jibu limekwisha kuandaliwa na imani za watu, kisha anamtuma Bwana Msa kulikataa jibu hilo mpaka mambo yenyewe yaseme. Ni kinaya kwamba wahakiki wengi wameimaliza kazi hiyo kwa sentensi moja, kwamba Bwana Msa ni nakala ya Sherlock Holmes, kwa kuwa ana kiko na rafiki wa kufuatana naye. Kiko ni dalili ya alichosoma Abdulla. Alichokifanya kwa alichokisoma hakijulikani mpaka riwaya isomwe yote.

Idara za fasihi zina wajibu ulio wazi. Tasnifu isiyoweza kuonyesha ni ukurasa gani ungeweza kulibatilisha dai lake irudishwe kwa mwandishi wake. The Flame Trees of Thika kisomwe, na kisomwe Thika kwenyewe, si kwa kukisujudia wala kukitemea mate, bali kwa kukihoji ukurasa kwa ukurasa. Kikihojiwa hivyo, kitakiri mengi zaidi ya yale ambayo maadui zake wamewahi kukishtaki.