Mhandisi wa Bulembia Ataandaliwa Wapi?

Kila mwaka vijana wa Kasese na Bwera huhitimu masomo ya uhandisi katika vyuo vikuu vyetu na kurejea nyumbani na shahada zao. Hupokewa kwa vigelegele. Kabla mizigo haijashushwa garini, wazee wamekwisha kuwaita "injinia", na mwenye nyumba inayovuja, mwenye kisima kilichokauka na mwenyekiti wa kamati ya daraja wote wamekwisha kuulizia watawapata lini. Ni heshima njema, nasi hatuna nia ya kuiharibu. Lakini sheria haiwaiti hivyo bado. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1969 iliunda Bodi yenye daftari la majina, na asiyekuwamo katika daftari hilo hana haki ya kujitambulisha kwa wananchi kuwa ni mhandisi wa kitaalamu. Baina ya shahada na daftari lile ipo safari ya miaka kadhaa. Ni safari hiyo tunayotaka kuitazama leo, kwa kuwa kwa kijana wa Bulembia njia yake imejaa mashimo kuliko kwa kijana wa Kampala.

Wako wanaodhani kwamba mtihani wa mhandisi ni karatasi ya maswali kama ile ya kumaliza shule, na kwamba atakayekesha na vitabu atafaulu. Katika nchi nyingine jambo hilo lina ukweli. Huko Marekani mwanafunzi anayekaribia kumaliza chuo huweza kuketi mtihani wa kwanza wa maswali 110 mbele ya kompyuta, na baada ya miaka ipatayo minne ya kazi akaketi wa pili. Yafaa kukumbuka kwamba sheria ya kwanza ya leseni za wahandisi katika nchi hiyo ilipitishwa katika jimbo la Wyoming mwaka 1907, na kilichoichochea kilikuwa ni maji: watu wasio na ujuzi walikuwa wakichora na kutia sahihi michoro ya maombi ya kutumia mito. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2011, humtaka mhitimu afanye kazi miaka mitatu, kisha apite katika mtihani au usaili wa Bodi. Tanzania tangu mwaka 2003 ina mpango maalumu wa kuwaweka wahitimu makazini kwa miaka mitatu chini ya wahandisi waliosajiliwa, na Bodi ya huko huufuatilia.

Kwetu Uganda uzito uko katika kazi yenyewe. Mwombaji huonyesha aliyoyatenda chini ya jicho la mhandisi aliyesajiliwa, huandika taarifa ya kazi hiyo kwa mkono wake, kisha huketi mbele ya wahandisi wazoefu wakamwuliza. Maswali ya usaili wa namna hii hayapatikani katika kitabu. Huulizwa: Hapa ulipoweka nguzo, kwa nini hukuiweka mita tano juu zaidi? Nani aliamua, wewe au mkubwa wako? Ungepewa fedha nusu, ungepunguza nini? Aliyebeba vipimo vya wenzake bila kuuliza sababu hukwama hapo hapo, hata kama alama zake za chuoni zilikuwa za juu. Kwa hiyo maandalizi ya mtihani huu ni mahali pa kufanya kazi na mtu wa kuisimamia. Asiye na viwili hivyo hawezi kuvipata kwa kukesha.

Basi tuje Bulembia. Msomaji asiyefika huko ajue kwamba ni sehemu ya Manispaa ya Kasese iliyojibana bondeni chini ya milima ya Rwenzori, na ndani yake mna Kilembe, mgodi wa shaba uliokuwa maarufu Afrika Mashariki nzima. Uzalishaji ulianza mwaka 1956 chini ya kampuni ya Falconbridge ya Kanada. Mwaka huo huo reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Madini yaliyosafishwa yalipakiwa na kupelekwa Jinja, ambako tanuru liliyayeyusha kuwa shaba. Umeme ulitoka mto Mubuku, katika mtambo wa megawati 5 uliojengwa kwa ajili ya mgodi. Kwa jumla zilitolewa takriban tani 270,000 za shaba, na kufikia mwaka 1982 uchimbaji ulikuwa umesimama.

Fikiria vilivyokuwa mahali pamoja: mahandaki, pampu za kutoa maji, mashine za kusaga mawe, umeme, reli, nyumba za wafanyakazi, hospitali. Mwanafunzi wa uhandisi wa fani yoyote angeweza kukaa hapo miaka mitatu bila kurudia somo. Lakini hapa pana jambo la kusikitisha, nasi hatujaona likisemwa vya kutosha. Mgodi ulipoanza, nchi haikuwa na wanafunzi hao. Kitivo cha Teknolojia cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1970 tu. Kabla yake Mganda aliyetaka shahada ya uhandisi katika Afrika Mashariki alikwenda Nairobi. Kilembe ilikuwa shule kubwa yenye wenyeji wachache mno katika darasa la juu. Leo wanafunzi tunao. Makerere wapo, Kyambogo wapo, na Busitema inafundisha uhandisi wa migodi wenyewe. Shule ndiyo iliyofungwa.

Jitihada za kuufungua tena mgodi zimekuwapo. Kiwanda cha kobalti kilianza kazi Kasese mwaka 1999, kikitumia bakteria kutoa kobalti katika marundo ya mabaki yaliyoachwa na mgodi. Kilikuwa kiwanda cha kisasa kabisa, na kilifungwa katika miaka ya 2010. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa kampuni ya Tibet-Hima, lakini mkataba huo nao ulivunjwa kabla ya miaka mitano kutimia. Kila mara habari za mkataba zilipotangazwa, wananchi walihesabu nafasi za kazi za vibarua na madereva. Ni haki yao. Ila hatukumbuki kusikia mtu akiuliza ni wahitimu wangapi wa uhandisi watakaopokewa kila mwaka, na ni nani atakayetia sahihi daftari zao za kazi.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba Bulembia haina kazi ya mhandisi. Inayo, tena ya kutisha. Mto Nyamwamba ndio uliobaki kuwa mgodi. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika, ukashuka na mawe makubwa na magogo, ukaua watu, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 ukarudia, na safari hii hospitali iliharibiwa vibaya hata wagonjwa wakahamishwa. Kando ya mto huo huo yamelala mabaki ya mgodi yenye shaba na kobalti, na kila maji yanapokula kingo hubeba sehemu yake na kuipeleka chini, kuelekea mji wa Kasese na ziwa George.

Hebu tuutumie mto huu kuonyesha maandalizi ya kweli yakoje. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hufundishwa kanuni ya Manning, mhandisi wa Ireland aliyeitoa mwaka 1889, ambayo kwayo hukadiriwa mwendo wa maji katika mfereji. Akiwa na daraja lenye uwazi wa mita 10 kwa mita 2, na maji yakienda mita 3 kwa sekunde, atajibu upesi kwamba mita za ujazo 60 hupita kila sekunde. Jibu ni sahihi, na chuoni atapewa alama zote. Lakini kanuni hiyo ni ya maji. Haikutungwa kwa ajili ya mto unaosukuma mawe yenye ukubwa wa gari. Magogo mawili yakikwama penye nguzo na mawe yakajaa nyuma yake, uwazi unabaki nusu, na zile mita 60 zinatafuta njia nyingine, yaani kwenye nyumba za watu. Hapo ndipo mhandisi hupaswa kuuliza kama nguzo ya katikati ilihitajika hata kidogo, kama daraja lingeinuliwa, kama vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vitahimili kwenye kingo au vitang'olewa msimu wa kwanza. Kijana aliyekuwapo wakati maswali hayo yakijadiliwa, akasikia mkubwa wake akikiri kosa la daraja la zamani, huyo amejiandaa. Aliyesoma tu kanuni hajajiandaa.

Hivyo kazi ipo na wanafunzi wapo. Kinachokosekana ni kiungo. Mafunzo ya vitendo ya wakati wa likizo, ambayo chuo humtaka kila mwanafunzi ayafanye, mara nyingi hugeuka kuwa mafunzo ya kunakili barua na kutumwa sokoni. Tunazo habari za vijana waliomaliza wiki nane katika eneo la ujenzi bila kuonyeshwa mchoro hata mmoja, kisha daftari likagongwa muhuri kwa siku moja. Baada ya shahada mambo huwa magumu zaidi. Mkandarasi mdogo humpokea mhitimu kwa furaha, kwa kuwa ni msomi wa bei nafuu, lakini katika kampuni hiyo hakuna mhandisi aliyesajiliwa. Kijana hufanya kazi miaka mitatu, kazi ya kweli, yenye jasho na zege, na siku ya kuomba usajili hugundua kwamba hakuna anayestahili kuithibitisha. Miaka yake haikuhesabiwa. Wengi huishia kuhamia Kampala, wakapata msimamizi huko, wakasajiliwa, na hawarudi. Nani awalaumu?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kulegeza kamba, vijana wa pembezoni wapewe usajili kwa masharti mepesi. Sisi hatukubaliani nao. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, miongoni mwao watoto waliokuwa wakicheza karibu. Nchi yetu nayo imezika watu wake kwa sababu kama hizo. Zege halijui kwamba aliyelipima alitoka wilaya maskini. Tena, tangu mwaka 2012 Uganda, Kenya na Tanzania zina mkataba wa kutambuliana wahandisi, na usajili mwepesi ungemfungia kijana wetu milango ya nchi hizo badala ya kumfungulia.

Linalowezekana ni hili. Kila fedha ya umma inayomwagwa Nyamwamba, iwe ya kuinua daraja, ya kuimarisha kingo au ya kuhamisha mabaki ya mgodi, iwe na sharti katika mkataba kwamba mkandarasi atachukua wahitimu wawili au watatu, na mhandisi mshauri aliyesajiliwa atawajibika kwa daftari zao kama anavyowajibika kwa nondo. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya daraja. Mkataba wowote wa kuufufua mgodi uwe na kifungu hicho hicho, chenye idadi iliyoandikwa, maana maneno ya "kuwajali wenyeji" tumeyasikia tangu mwaka 1956. Mitambo ya umeme ya Mubuku na ule wa Nyamwamba wa megawati 9.2 uliozinduliwa mwaka 2018 inaweza kufanya vivyo hivyo, na kiwanda cha saruji cha Hima kadhalika. Taasisi ya Wahandisi, iliyoanzishwa mwaka 1972, nayo ingeweza kuwapangia wanachama wake siku chache kwa mwaka za kukaa Kasese na kusikiliza taarifa za vijana kabla hawajafunga safari ya zaidi ya kilomita 300 kwenda kusailiwa. Mtu anayesafiri usiku kucha kwa basi, akiwa hajawahi kuulizwa swali moja na mhandisi mzoefu, hapimwi sawasawa na mwenzake aliyekunywa chai na wasaili hao kila wiki.

Wakati hayo yakingojewa, mwanafunzi mwenyewe asikae bure. Likizo ya katikati ya mwaka hufuata mvua za Machi hadi Mei, na ni wakati mzuri wa kutembea kando ya mto akiwa na futi kamba na daftari. Katika nyumba zilizosalimika Kilembe na Kyanjuki wapo akina mama wanaoweza kumwonyesha kwa kidole maji yalifika wapi ukutani mwaka 2013, na wapi mwaka 2020. Apime urefu huo kutoka ardhini, aandike tarehe, mahali na aliyemwambia. Hizo ndizo takwimu atakazozihitaji atakapoulizwa alikadiriaje urefu wa daraja lake. Aende mapema, kwa sababu alama hizo zinafutika kila ukuta unapopakwa chokaa.