Moshi wa Shambani Haujui Mpaka

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani na kabla mvua za Novemba hazijarejea, moshi huonekana ukipanda kutoka mashambani katika sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Mabua ya mahindi, maganda ya maharage na magugu makavu hukusanywa chungu chungu, yakatiwa kiberiti, na baada ya saa chache shamba huwa tupu. Wilayani Rungwe nako desturi hii inajulikana. Leo tunapenda kuizungumza kwa uwazi, kwani jambo kuzoeleka hakulifanyi kuwa jema.

Huko Kisiba, upande wa Masoko, kusini mwa Tukuyu, lipo ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano, wala halina mto unaotoka. Kinachopeperushwa na upepo kikatua juu ya maji yake huzama na kubaki humo. Watafiti walilichunguza tope la chini ya ziwa hilo, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo ya uchunguzi wa chembe za mkaa zilizomo, ambazo ni kumbukumbu ya mioto ya maelfu ya miaka. Funzo lake ni kwamba kinachoungua hakitoweki, bali huhama. Kisipotua ziwani, hutua katika vifua vya watu.

Wataalamu wanatueleza kuwa chembe za moshi zenye madhara makubwa zaidi ni zile zisizozidi maikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Shirika hilo limekadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani kwa pamoja, husababisha vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka.

Katika nchi ya milima na mabonde, usiku wa baridi hewa nzito hushuka na kutulia bondeni, na moshi hubaki pale pale walipolala watu. Anayeuvuta ni mtoto mchanga, mama mjamzito na mzee mwenye pumu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewasha moto. Hapo ndipo suala hili linapotoka katika kilimo na kuingia katika haki ya jirani.

Hatusemi haya kwa nia ya kumlaumu mkulima. Anayechoma ana sababu zake: moto hauhitaji vibarua, hupunguza wadudu na magugu, na majivu huipa mimea nguvu ya haraka. Lakini na tufanye hesabu kamili. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo katika mabua hupaa pamoja na moshi. Majivu yanayobaki, katika miteremko ya Rungwe yenye mvua nyingi kiasi hiki, husombwa kabla mizizi haijayafaidi. Kisha mkulima huyo huyo huingia dukani kununua mbolea. Ameichoma mali yake, halafu anakwenda kuinunua.

La kusikitisha ni kuwa wazee wa Unyakyusa walilijua hili zamani. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1930, aliwaeleza kuwa wakulima hodari waliofukia majani ardhini yawe mbolea. Elimu hiyo haikutoka ng'ambo, na haifai ipotee.

Wengine nao wamepita njia hii. Uingereza ilipiga marufuku uchomaji wa mabua ya nafaka mashambani mwaka 1993, na wakulima wakazoea kuyakatakata na kuyalima pamoja na udongo. Nchini India, mahakama ya mazingira ilikataza uchomaji huo katika majimbo ya kaskazini mwaka 2015, lakini moshi uliendelea kuifunika Delhi baada ya mavuno ya mpunga, kwa sababu wakulima wengi hawakupewa njia mbadala wanayoimudu. Katazo peke yake halitoshi.

Kwetu Tanzania sheria zipo: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inagusa uchomaji wa mimea, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kilichobaki ni utekelezaji wenye huruma. Tunatoa rai kwa serikali za vijiji na maofisa ugani wawaoneshe wakulima jinsi ya kutengeneza mboji, kufunika mashina ya migomba na kahawa kwa mabua, na kuwalisha mifugo yanayofaa. Mjane na mzee wasio na nguvu za kufukia wasaidiwe na vijana, kama desturi ya kusaidiana ilivyokuwa. Na pale ambapo moto hauepukiki, kama kwa mimea yenye maradhi, basi chungu liwe dogo, njia ya kuzuia moto isafishwe, jirani aarifiwe mapema, na isiwe jioni.

Viongozi wa dini nao, misikitini na makanisani, walitie jambo hili katika mawaidha yao kabla ya msimu ujao. Shamba ni la mtu mmoja, lakini hewa iliyo juu yake ni amana ya wote.