Uwakili Hauishii Kapuni

Katika sharika nyingi za Tanzania, hasa vijijini, ibada ya Jumapili haimaliziki kwa baraka ya mchungaji. Waumini hukusanyika nje ya kanisa, mzee mmoja husimama na kuku mkononi, na mnada huanza. Kuku, mayai, mkungu wa ndizi, debe la mahindi: hizo ni sadaka za watu ambao hawakuwa na fedha ya kutia kapuni. Desturi hii ni njema. Humwezesha mkulima kutoa alichokipata kwa jasho lake, na hulipatia kanisa fedha bila ya kumdhalilisha maskini.

Lakini yafaa tujiulize ni nani anayeshangiliwa katika mnada huo. Mara nyingi ni mtu wa mshahara au mfanyabiashara, anayemnunua kuku kwa bei iliyopita kabisa ile ya sokoni, kisha akamrudisha ili auzwe tena. Vigelegele hupigwa na jina lake hutajwa. Mama aliyemleta kuku yule, ambaye pengine hakuwa na mwingine, hatajwi. Injili za Marko na Luka zasimulia habari za mjane aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hazina. Yesu alisema kuwa mjane huyo ametoa kuliko matajiri wote, kwa sababu alitoa riziki yake yote. Kipimo hicho ndicho tunachokisahau mnadani.

Wakristo huliita jambo hili uwakili. Wakili si mwenye mali. Ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine, naye atadaiwa hesabu. Kwa hiyo haiwezekani mtu awe wakili wa Mungu Jumapili, kisha siku sita zilizobaki awe mwizi wa mali ya umma. Ofisa anayemzungusha mwananchi mpaka atoe chochote, halafu akapeleka sehemu ya kumi ya rushwa hiyo kanisani, hajatoa zaka. Amegawana na madhabahu mali ya dhuluma. Na kanisa linaloipokea huku likijua ilikotoka, haliwezi kunawa mikono kama Pilato.

Anayepokea sadaka naye ni wakili. Mtume Paulo alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuzichukua peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, alieleza kwamba Tito alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu. Ikiwa Mtume aliona haja ya mashahidi, mtunza hazina wa usharika ni nani hata akasirike anapoulizwa hesabu?

Suala hili lagusa pia kujitegemea. Mwaka 1974, mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka ulitoa wito kwamba wamisionari na fedha kutoka ng'ambo visimamishwe kwa muda, ili makanisa yajifunze kujitegemea. Wito huo ulizusha ubishi mkubwa, lakini fundisho lake halikwepeki. Kanisa linalotaka kuishi kwa jasho la waumini wake halina budi kuwaonyesha waumini hao jinsi jasho lao lilivyotumika.

Watumishi wa serikali na walimu mara nyingi ndio wanaochaguliwa kuwa wazee wa kanisa, makatibu na watunza hazina, kwa kuwa kalamu ndiyo kazi yao. Basi na wahakikishe kwamba mapato na matumizi yanasomwa mbele ya usharika kila baada ya miezi mitatu, na kwamba stakabadhi zinahifadhiwa. Mnadani, washukuriwe walioleta kabla ya walionunua. Na kila mmoja wetu, kabla ya kunyosha mkono ili kupandisha bei, ajiulize kwanza fedha iliyomo mfukoni mwake imetoka wapi.