Mama Neema, sijakufungia!

Mwezi huu sina habari za zawadi wala mtoko wa wikiendi. Nina kesi ya nyumbani kwangu, na shahidi mkuu ni kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki kinachokaa nyuma ya TV.

Kidude hicho ni Raspberry Pi, na ndiyo seva yetu. Ndani yake kuna hifadhidata ya MariaDB, humo tunaandika hesabu za nyumba: kodi, ada, mchango wa kikoba, hadi hela ya mkaa. Zamani Mama Neema alikuwa anaandika hesabu zake palepale kwenye kidude, TV ikiwa ndiyo skrini. Lakini tangu Neema ajue katuni, nani anaipata hiyo TV? Mwezi uliopita mama mtu akanunua laptop yake. Akakaa kitandani, akaandika jina, akaandika neno la siri, akabonyeza. Jibu likaja kibabe: Access denied for user 'mama'. Yaani umekataliwa.

Akanigeuzia laptop. "Baba Neema, umenifungia?"

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

"Mbona ya kwako inafungua?"

Kweli bwana, ya kwangu ilikuwa inaingia bila shida. Hebu jiweke kwenye nafasi yake: daftari la fedha za nyumba, mume anaingia, mke anakataliwa. Hata mimi ningenuna.

Nikakurupuka kama wanaume wengi tukibanwa. Nikambadilishia neno la siri. Wapi! Nikazima kidude, nikawasha. Wapi! Mama Neema akavuta shuka, akageukia ukutani.

Saa tano usiku nikaanza upya kwa utulivu. Kwanza, nikausoma ule ujumbe vizuri. Seva ikiwa haipatikani, utaambiwa haiwezekani kuunganishwa. Hii ilipatikana, ikasikia, ikakataa. Maana yake mtandao ulikuwa mzima, tatizo lipo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Nikaingia kama msimamizi kwa amri ya sudo mariadb, nikaomba orodha:

SELECT user, host FROM mysql.user;

Jibu likaniumbua. Baba: 192.168.1.%. Mama: localhost.

Ngoja nikufafanulie. MariaDB haiangalii jina tu, inaangalia na mahali unapotokea. Jina na mahali kwa pamoja ndiyo akaunti. Mimi nilijiruhusu kuingia kutoka kompyuta yoyote ya mtandao wa nyumbani. Yeye nilimruhusu akiwa kwenye kidude chenyewe tu. Kumbe nilipobadilisha neno la siri nilikuwa nabadilisha kufuli la mlango ambao hapiti!

Dawa yake ni mistari miwili:

CREATE USER 'mama'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'neno-la-siri';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON nyumba.* TO 'mama'@'192.168.1.%';

Wa kwanza unafungua akaunti, wa pili unampa ruhusa ya kusoma, kuongeza na kurekebisha. Namba za mtandao wako zinaweza kuwa tofauti na zangu, ziangalie kwanza. Na usivivie ukaweka % peke yake, maana hiyo inamruhusu mtu wa kutoka popote. Mlango namba 3306 usiufungue kwenye ruta hata kwa bahati mbaya. Pia usihangaike kuingia na jina la root kutoka kwenye programu zako. Tangu MariaDB 10.4 ya mwaka 2019, kwa kawaida root huingia akiwa msimamizi wa mashine yenyewe, ndiyo maana wengi hukataliwa wakadhani wamesahau neno la siri.

Asubuhi nikampelekea chai na laptop. Akaingia mara moja. Nikasubiri shukrani.

"Hii laki tatu ya Morogoro ni ya nani?"

Msomaji, chai ilinikwama kooni. Ilikuwa ya mdogo wangu. Nilimtumia wiki tatu nyuma, nikaiandika kwenye daftari kama kawaida, ila kwa mdomo sikumwambia mwenzangu. Nilikuwa nasubiri "siku nzuri." Sasa nimweleze vipi kwamba localhost ilikuwa bahati mbaya, wakati laki tatu haikuwa bahati mbaya?

Sikujitetea. Nikasema kweli yote, nikaomba radhi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hela ningekubali. Kujua mwisho ndiyo kumeniuma." Tukakubaliana: kinachozidi elfu hamsini, tunaongea kwanza ndipo tunaandika.

Neno la siri la msimamizi nalo halikai tena kichwani mwangu peke yangu. Limo kwenye bahasha kabatini, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Neema. Nikiugua au nikisafiri, mwenzangu asibaki nje ya nyumba yake mwenyewe.

Unajua jina MariaDB limetoka wapi? Michael Widenius wa Finland aliiita MySQL kwa jina la binti yake My, kisha MariaDB kwa jina la mdogo wake, Maria. Hata hifadhidata ina familia nyuma yake.

Leo jioni kaangalie orodha yako. Mwenzako yuko mlango gani? Tukutane mwezi ujao.