Wasichana Wawe na Kikosi Chao Kwanza

Wazazi na walimu wa Nzuguni, liko swali linalozuka kila shule inapotaka kulea vijana nje ya darasa: wasichana waingie Skauti pamoja na wavulana, au wawe na Girl Guides yao? Mmoja husema kuwatenga ni ushamba. Mwingine husema kuwachanganya ni kualika aibu. Wote wawili wamemsahau msichana mwenyewe.

Mwaka 1909 wasichana wa Uingereza walijitokeza bila kualikwa katika mkutano wa Skauti pale Crystal Palace, London, wakidai nafasi. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao. Kwetu Tanganyika, Girl Guides ilianza 1928, mwaka ule ule kilipozaliwa chama chao cha dunia. Tangu hapo kila nchi imeshika njia yake. Ufaransa, mwaka 2004, Skauti na Guides wa Kikatoliki waliungana. Uingereza, Skauti hupokea wasichana, lakini Guides wamebaki wasichana tu. Basi asituambie mtu kwamba maendeleo yana njia moja.

Tazameni kambi iliyochanganywa bila mpango: mvulana hushika kamba na nguzo za hema, msichana hujikuta kwenye sufuria. Hakuna aliyetoa amri. Mazoea ya nyumbani yamewafuata kambini. Katika kikosi cha wasichana, hema halisimami mpaka walisimamishe wao, na kiongozi hana budi kutoka miongoni mwao. Huko pia huuliza habari za hedhi na za kujilinda bila kuchekwa.

Hata hivyo, anayetaka wachanganywe ana hoja. Binti huyu kesho atafanya kazi na wanaume stendi, sokoni na Bungeni. Mkulima wa hapa kwetu Dodoma huotesha pingili za mzabibu kitaluni zishike mizizi, lakini zabibu havuni kitaluni.

Kwa hiyo mikutano ya kila wiki iwe ya wasichana peke yao, chini ya kiongozi mwanamke. Kupanda miti, kambi na shughuli za viwanja vya Nanenane ziwe za wote, wakipokezana uongozi kwa zamu. Mama mwenye nafasi ya jioni moja kwa wiki ajitolee. Mwalimu mkuu atoe chumba. Baba ampunguzie binti kazi za nyumbani siku hiyo. Na kambini, zamu ya sufuria iandikwe kwa majina ya wote, wavulana wakitangulia.